Bati la kutelezea limeweka bonde, mkanda unakwenda kwa kwikwi: mataruma, mkuku au bati nene?

#1 Mkanda3Mita
Habari za jioni. Konveya (mashine ya mkanda wa kubebea) fupi, iko Malindi, inapeleka kreti za maembe kutoka karai la kuoshea hadi meza ya kupangia. Dramu hadi dramu (mabomba ya miisho yanayozungusha mkanda) ni 3 m. Mkanda wa PVC wa matabaka mawili, unene 2 mm, upana 500 mm, chini una kitambaa. Juu hakuna rola, mkanda unateleza juu ya bati la chuma la 2 mm. Bati limekalia anglelaini (vyuma vya pembe) mbili za pembeni, chini yake kuna mataruma (vyuma vya kukingama) mawili tu ya tyubu ya 40 × 40, yaani moja kila mita. Kreti ni 20 kg, hazizidi nne kwa wakati mmoja. Mota ni 0.18 kW, gia boksi 25 kwa 1, dramu ni bomba la inchi 3.

Asubuhi inakwenda vizuri. Baada ya saa moja mkanda unaanza kwenda kwa kwikwi, kreti zinashtuka, mara nyingine mota inakata. Nikichungulia kwa pembeni naona bati limeweka bonde katikati. Niongeze mataruma, nisimamishe mkuku (mhimili mmoja) katikati kwa urefu, au ning'oe nivalishe bati la 3 mm?

#2 Gede_Juakali
Ongeza mataruma, kila 250 mm. Jawabu ni hilo, uzi ufungwe.

#3 Mpiga_Hesabu
Usifungwe bado. Kreti ya 20 kg yenye kitako cha 600 × 400 inatoa kama 820 N kwa kila mita ya mraba. Bati la 2 mm lililokaa huru juu ya kingo mbili zilizoachana 500 mm litabonyea karibu 5 mm katikati. Unene unazidishwa kwa wenyewe mara tatu (1.5 × 1.5 × 1.5), kwa hiyo bati la 3 mm ni gumu mara 3.4 kuliko la 2 mm, bonde linashuka hadi 1.5 mm. Lakini nafasi inazidishwa kwa yenyewe mara nne: ukiigawa 500 iwe 250 kwa mhimili mmoja wa katikati, bonde linagawanywa kwa 16. Linabaki 0.3 mm kwa bati lilelile ulilonalo. Kwa hesabu, mkuku unashinda bati nene, na fedha inabaki mfukoni.

Mkuku wenyewe: flatibaa (chuma bapa) ya 40 × 5 iliyosimama wima, ikikalia mataruma yako ya kila mita, itashuka kama nusu milimita. Inatosha.

#4 JahaziLamu
Mataruma, mkuku… kumbe huko Malindi mnaunda jahazi na hamtuambii. Mtatia na dasi, kamba ya pindo la tanga?

#5 Fundi_wa_Shella
@Mpiga_Hesabu hesabu yako nzuri, ila umelipakia bati kama umelimwagia mchanga. Kreti ya plastiki si mchanga. Kitako chake kina ukingo mgumu, uzito unashukia kwenye ukingo huo, na kreti ikikaa kwa mapana ukingo uko karibu na anglelaini. Kwa hiyo hizo 5 mm ni za karatasi. La pili, umesema bati limekaa huru. Kama limeshikwa barabara pembeni, au lingekunjwa kingo 40 mm kwenda chini, bonde linaweza kushuka hadi moja ya tano ya hesabu yako.

Na mkuku una dhambi yake. Ukisimama juu ya anglelaini za pembeni hata kwa 1 mm, mkanda unaupanda kama tuta. Ule mstari wa katikati unaliwa kitambaa peke yake, na mkanda unapata mahali pa kuyumbia.

#6 Gede_Juakali
Ndiyo nikasema mataruma.

#7 Fundi_wa_Shella
Nayo yana yake. Bati la 2 mm juu ya mataruma mengi yaliyochomelewa linakuwa mawimbi, juu ya kila taruma kilima, katikati bonde. Maji ya kuoshea yanatuama mabondeni. Angalia kama ndiyo hali yako, maana umesema tatizo linaanza baada ya saa moja, na bonde la chuma halisubiri saa moja.

#8 Ngowe_Tamu
Shella ipi kwanza, ya Lamu au ya Malindi? Tujue ushauri unatoka upande gani.

#9 Fundi_wa_Shella
Ya Malindi. Ya Lamu waachie punda.

#10 JahaziLamu
Punda wetu hawaendi kwa kwikwi.

#11 Chuma_na_Chumvi
Naungana na #7. Hilo ni maji. Mkanda uliolowa juu ya bati tambarare unagandana nalo kama vioo viwili vyenye maji katikati. Ukianza kuvuta, unanasa, mkazo unapanda, unaachia ghafla, unanasa tena. Ndiyo kwikwi. Kwa mwendo mdogo ndiyo mbaya zaidi. Kitambaa kikavu juu ya chuma kilicholainika kina msuguano wa 0.2 hadi 0.35. Kikilowa na utomvu wa maembe na sukari, hesabu hiyo sahau.

Dawa si unene. Dawa ni kupunguza eneo linalogusana. Ama utoboe bati matundu ya 10 mm maji yashuke, ama uondoe mkanda juu ya bati kabisa kwa kuweka mbao za plastiki nyeupe, upana 40 mm, unene 8 au 10 mm, zilizopangwa kwa umbo la V. Bati linabaki chini kama fremu tu.

Ukitoboa, kila tundu lipigwe kekee kubwa juu kidogo kuondoa makali, halafu pitisha kiganja chenye soksi kuukuu. Ikinasa popote, rudia.

#12 Mkanda3Mita
Asante. Hiyo plastiki nyeupe ni nailoni ile ya kuchongea bushi?

#13 Chuma_na_Chumvi
Hapana, na hapa wengi wanauziwa siyo. Nailoni hunywa maji na kufura, mbao inajikunja na kubana. Unayotaka ni polithini ngumu, UHMW. Kuitambua: kata kipande ukitie majini. Polithini huelea, nailoni huzama. Na ukiigusa ina utelezi wa nta.

#14 KekeeNaRanda
Sahihi. Lakini @Chuma_na_Chumvi umemaliza bila kusema jambo linaloua kazi hizi: joto. Polithini hiyo hurefuka kama mara 15 kuliko chuma. Ubao wa 3 m, tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na saa nane chini ya mabati, unarefuka kama 11 mm. Chuma chini yake kinarefuka 0.7 mm tu. Ukipiga skrubu pande zote, mchana ubao unavimba katikati kama mgongo wa nyangumi, na mkanda unapanda huo mgongo.

Funga skrubu moja ya kukaza upande mkanda unapoingilia, yaani dramu ya nyuma. Zilizobaki zote matundu marefu, skrubu ikazwe halafu irudishwe robo duru. Kwa nini upande wa kuingilia? Mkanda unapoburuta ubao, uuburute ukiwa umevutwa, usiwe umesukumwa ukajikunja. Upande wa mbele uache nafasi ya 15 mm kabla ya dramu. Vichwa vya skrubu vizame 2 mm chini ya uso, kwa sababu plastiki italiwa, kichwa hakitaliwa.

Au ukate vipande vifupi vya V, kila kimoja na skrubu mbili. Hapo joto halina la kufanya.

#15 Ngowe_Tamu
Ncha ya V ielekee wapi? Nimeona za pande zote mbili.

#16 KekeeNaRanda
Ncha ielekee unakotoka mkanda, kama gubeti ya jahazi inavyopasua maji. Uchafu na mchanga unaokuja chini ya mkanda unasukumwa nje pembeni. Ukigeuza, unaukusanya katikati. Vilevile V hufanya mkanda uliwe sawasawa. Mbao zilizonyooka kwa urefu zinakwangua mistari ileile miaka yote.

#17 JahaziLamu
Sasa tumefika kwenye gubeti. Endeleeni, tanga nitaleta mimi.

#18 Gede_Juakali
Mnamtuma mtu dukani kununua plastiki na hamjapima mota. 0.18 kW kwa kreti nne ni ndogo. Kwikwi ni mota inakosa nguvu.

#19 Mpiga_Hesabu
Tuipime. Kreti 80 kg na mkanda wa juu 3.6 kg, jumla 83.6 kg. Msuguano 0.3 unadai 246 N. Mota ya 1400 kwa dakika kupitia 25 kwa 1 ni mizunguko 56. Bomba la inchi 3 lina kipenyo cha nje cha 88.9 mm, mwendo ni 0.26 m kwa sekunde. Nguvu ni 64 W, na gia boksi ya skrubu ikipoteza asilimia 30, mota inatoa 91 W. Nusu ya uwezo wake. Msuguano ukipanda hadi 0.5 kwa kulowa, ni kama 152 W. Bado inabeba ikiwa inakwenda, ila kuondoka ikiwa imejaa ni taabu, kwa sababu kitu kilichosimama hunata kuliko kinachokwenda. Kwa hiyo mota haina lawama wakati wa kukimbia. Kwenye kuwasha, @Gede_Juakali ana hoja.

#20 Gede_Juakali
Leo nimepewa nusu. Nashukuru.

#21 Mama_Kreti
Nyote mnaangalia bati. Kuna aliyeangalia dramu? Bomba tupu la chuma, limelowa, halijavalishwa mpira. Mkanda unaweza kuwa unateleza juu ya dramu, si juu ya bati, na mtu aliyesimama pembeni anaona kwikwi ileile. Dramu isiyovalishwa, ikilowa, huhitaji mkazo wa upande wa kurudi kama 400 N ili ivute hizo 246 N. Ikivalishwa mpira wa mistari, 160 N inatosha. Tofauti ni kubwa kuliko mambo yote mliyozungumza.

Kupima ni chaki ya shilingi chache. Piga mstari kwenye ukingo wa dramu na mwingine kwenye ukingo wa mkanda, vikutane. Zungusha mkanda duru tatu kamili kreti zikiwa juu, hesabu mizunguko ya dramu. Urefu wa mkanda mara tatu gawa kwa mzunguko wa dramu ujue inayotakiwa. Dramu ikizidi, inateleza.

#22 Mpiga_Hesabu
Dada, kuteleza kwa dramu ni matokeo. Bati likinata, mvuto unapanda, ndipo dramu inashindwa. Ukiivalisha mpira bila kutibu bati, umeuhamishia mzigo mota, na sasa itakata kila saa.

#23 Mama_Kreti
Au mkazo haukuwapo tangu mwanzo. Mkanda mpya hulegea wiki za kwanza. Ameukaza lini? Chora alama mbili zilizoachana 1000 mm mkanda ukiwa umelegea, kaza mpaka zisomeke 1003 hadi 1005. Usipite hapo, utapinda shafti na kuua beringi.

#24 Fundi_wa_Shella
Hapo nakubaliana na dada, na naongeza: kaza pande zote mbili kwa hatua sawa, nusu duru, nusu duru. Mkanda mfupi hausamehi. Upana 500 kwa urefu 3000 bado ni mzuri, mara 6. Ungekuwa na urefu wa mita moja tu ungeomba dua kila asubuhi. Pima fremu pembe kwa pembe, vipimo viwili visipishane zaidi ya 1 mm au 2.

Na uangalie kimo cha bati kwa dramu. Mimi naweka dramu juu ya bati kwa 1 mm, ukingo wa bati pande zote mbili umeviringishwa.

#25 KekeeNaRanda
Mimi naweka sawa kabisa. Dramu ikiwa juu, kreti inapanda kilima mwishoni, na nafasi kati ya ukingo wa bati na dramu mkanda unaning'inia.

#26 Fundi_wa_Shella
Dramu yenye unene katikati ikiwekwa sawa na bati, kingo zake ziko chini, mkanda unakwaruza pembe za bati.

#27 KekeeNaRanda
Ndiyo maana ya kuviringisha ukingo.

#28 Chuma_na_Chumvi
Waacheni hao, mabishano yao yana umri kuliko konveya.

Mkanda3Mita, bati lako ni la aina gani, jeusi au la zinki? Na maji ya kuoshea ni ya bomba au ya kisima? Kama ni kisima cha chumvichumvi, bati jeusi likipumzika Jumapili moja, Jumatatu lina kutu nyembamba ya rangi ya chai. Ile ni msasa. Hula kitambaa cha mkanda, na unga wake ukichanganyika na maji ni gundi. La zinki nalo, zinki inakwanguliwa na mkanda pale pale kwenye njia, kingo zinabaki zinang'aa na katikati kutu. Stenlesi ya daraja la 304 huota vidoa vya matundu kwa chumvi na kwa klorini. Ya 316 inavumilia zaidi.

Na bolti: bolti ya stenlesi kwenye fremu kubwa ya chuma cheusi haina tabu kubwa. Kinyume chake, bolti nyeusi kwenye bati la stenlesi, bolti inaliwa upesi.

#29 Mkanda3Mita
Jeusi. Kisima. Mnasoma hadi mkono wangu.

#30 JahaziLamu
Sasa nizungumze bila mzaha. Plaiwudi ya marini ya 18 mm ina ugumu wa kupinda kama mara 29 kuliko bati la 2 mm, na ni nyepesi: kama 12 kg kwa mita ya mraba dhidi ya 16. Mkuku hauhitaji, mataruma yako mawili yanatosha, na lile bonde la 5 mm la Mpiga_Hesabu linakuwa kama 0.2 mm. Lalisha plaiwudi, juu yake skrubu vile vipande vya V. Hakuna kuchomelea, kwa hiyo hakuna bati lililojikunja kwa moto.

#31 Fundi_wa_Shella
Kingo zake zitakunywa maji. Na kwenye chakula mbao iliyolowa inaota ukungu.

#32 JahaziLamu
Kingo zinapakwa epoksi mara tatu, na kila tundu la skrubu linapakwa kabla ya skrubu. Tundu lisilopakwa ndilo mlango. Mbambakofi ungekaa bila hayo yote, lakini kuuchana ubao wa upana huo usijipinde ni kazi nyingine.

#33 Mama_Kreti
Kwenye chakula nisingeweka mbao yoyote, epoksi au si epoksi. Maembe yanaoshwa ili yawe safi, si yapitishwe juu ya kitu kisichosafishika. Chini ya mkanda hapaonekani, ndipo panapooza.

#34 Gede_Juakali
Kama ni kuchomelea mataruma, vipande vya 25 mm kila 150 mm, kwa chini, ukiruka upande huu na upande ule. Ukiunganisha mstari mzima, bati la 2 mm litapiga makelele kama debe kila kreti ikipita. Afadhali bolti za kichwa kilichozamishwa.

Na nafasi: kutoka chini ya bati hadi mkanda wa kurudi ana 87 mm tu kwa dramu hiyo. Tyubu ya 40 inaacha 47. Usiweke kubwa zaidi, mkanda wa kurudi ukining'inia utasugua taruma. Rola moja ya kurudi katikati inatosha kwa 3 m.

#35 Mkanda3Mita
Nimepima leo. Nimevuta mshipi wa kuvulia juu ya bati kutoka anglelaini hadi anglelaini, mkanda ukiwa umesogezwa.

Tupu: bonde 1 mm. Kreti mbili juu, nimepima kwa chini: 3 mm. Chaki, mkanda mkavu, kreti nne: dramu haikuzidi, kwikwi hakuna. Bonde lilikuwa lilelile. Chaki, mkanda umelowa: kwikwi ipo, na dramu imezidi kwa 70 mm katika duru tatu. Katikati ya bati kuna dimbwi jembamba na rangi ya chai ya Chuma_na_Chumvi. Mkazo: alama zinasoma 1001.

#36 Ngowe_Tamu
Uzi ndani ya uzi. Mshipi umetoa hukumu.

#37 Chuma_na_Chumvi
Bonde lipo pakavu na kwikwi haipo. Ni maji na kutu. Nimemaliza.

#38 Mama_Kreti
1001, na dramu inateleza. Kaza hadi 1004, valisha mpira, ndipo umalize.

#39 Mpiga_Hesabu
Na maji yametuama wapi? Bondeni. Lisingekuwapo bonde, yangemwagika pembeni. 3 mm inakaa kati ya 5 yangu na 1 ya Fundi_wa_Shella, kila mmoja achukue chake. Mkuku.

#40 Fundi_wa_Shella
Mkuku ukiwa chini ya bati lililokwisha kubonyea 1 mm utaubana wapi? Utalinyanyua kwa nguvu, litatoa kilima. Kunja bati jipya, kingo 40 mm.

#41 KekeeNaRanda
Kwa jaribio la bei ndogo: inua upande mmoja wa fremu 5 mm maji yashuke kushoto, kaza hadi 1004, paka nta kavu chini ya mkanda, endesha siku mbili. Mkanda ukianza kuhamia upande ulioshuka, rudisha. Baada ya hapo utajua ununue nini.

#42 Gede_Juakali
Lolote utakalochagua, kabla ya cheche ya kwanza ya kuchomelea toa mkanda. PVC inayeyuka kwa tone moja. Ni mkanda uliounganishwa kwa moto, hauna pini, kwa hiyo unatoka kwa ubavu: legeza dramu ya nyuma, shikilia fremu kwa jeki, fungua miguu ya upande mmoja, uvute.

#43 Mkanda3Mita
Miguu imechomelewa. Yote minne, na chuma cha kuiunganisha chini.

#44 Gede_Juakali
Basi anza na grainda. Kata ya upande usio na mota, na ukirudisha weka bamba na bolti nne za M10 kila mguu.